Kisigino Kimepona, Mume Hajui

Mpendwa mshauri Bi Retno, nisaidie kabla sijapasuka, kwa kicheko au kwa kilio sijui,

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, naishi hapa Klaten, na kwa miezi minane kano ya kisigino changu cha kushoto ilinitesa hadi nikawa nashuka kitandani kama mtu anayekanyaga misumari, nikapumzika, nikakandwa, nikameza vidonge, wapi, mpaka nikafika kwa fizio mmoja wa kutibu viungo, Wening, binti mwembamba mwenye mikono ya mwashi, akanilaza kifudifudi, akanipaka jeli ya baridi, akasema, "Mama, mashine hii inaipiga kano kwa mawimbi ya mshtuko, itauma kidogo," kidogo gani Bi Retno, ilikuwa ta-ta-ta-ta kama cherehani iliyopandwa na wazimu, nikapiga yowe hadi mzee aliyekuwa anasubiri zamu nje akaondoka na viatu mkononi, lakini nilirudi kila wiki, mara tano, na nyumbani nikawa nasimama kwenye ngazi nikipanda na kushuka kwa vidole kama alivyoniagiza, na wiki tatu zilizopita niliamka, nikakanyaga sakafu, nikangoja maumivu, hayakuja! Nilicheza peke yangu mbele ya kabati.

Sasa hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mume wangu, Sugiarto, kwa miaka ishirini na sita hakujua sufuria zinakaa wapi, asubuhi zake zote zilikuwa za njiwa wake mwimbaji, lakini nilipougua alijifunza kupika, ananiletea mboga za tui kitandani, anakaa ukingoni, anauliza, "Chumvi imekolea, Mama Ratri?" na tunaongea hadi jua linapanda, amenisimulia mambo ya utoto wake ambayo sijawahi kuyasikia, moyo wangu unaruka kama wa msichana, kwa hiyo asubuhi ile niliposikia hatua zake nilijitupa kitandani nikasema, "Aii, mguu!" Tangu hapo nachechemea nyumbani, na alasiri akienda soko la ndege mimi mbio uwanjani kufanya mazoezi ya badminton na jirani yangu Tumiyem, ambaye ameshaandikisha majina yetu kwenye mashindano ya mtaa ya sikukuu ya uhuru, tarehe 17 Agosti.

Na jana mume wangu alisema hampeleki njiwa wake Surabaya kwenye shindano la kuimba, shindano alilolingoja miaka miwili. "Nitakuachaje na mguu huo?" Nikisema ukweli nampoteza yule mume wa asubuhi, nikinyamaza namwibia. Nifanye nini?

Mama Ratri, Klaten

*

Mama Ratri,

Nimecheka hadi chai ikanitokea puani, kisha nikakasirika. Mwanamke mzima, unamdanganya mtu anayekukatia vitunguu! Kwa kuwa gazeti hutoka Ijumaa na wewe ungeendelea kuchechemea mpaka siku hiyo, nilikupigia simu Jumatano asubuhi, nikakuamuru umwite mumeo papo hapo nami nikiwa bado kwenye simu. Wasomaji, kwa ruhusa yao wote wawili, nawasimulia nilichosikia.

"Baba Ratri, mguu umepona. Wiki tatu sasa."

Kifuniko cha sufuria kikaanguka.

"Umepona? Umepona kabisa? Hebu ruka!"

Nikasikia kishindo.

"Mama Ratri amepona!" Aliwapigia kelele majirani wa pande zote, na mmoja akajibu kwamba mbona wao wanajua, kila alasiri wanamwona uwanjani na Tumiyem. Hapo ndipo alipokumbuka kukasirika. "Wiki tatu! Wiki tatu naosha masufuria, mke wangu anaruka na Tumiyem! Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utarudi kwa njiwa wako."

Akahema. "Njiwa hajawahi kuniambia kama chumvi imekolea."

Ukalia, nami nikakata simu, maana hapo hamkuhitaji mshauri.

Sasa sikiliza, sirudii. Kabla ya mashindano nenda kwa Wening akakague hiyo kano, maana maumivu kuondoka si ruhusa ya kuruka kama panzi, na mazoezi ya ngazini usiyaache hata ukishinda. Umwombe radhi mumeo mbele ya Tumiyem, maana mlimdanganya wote wawili. Surabaya aende na njiwa wake, nawe uende naye, ukae kwenye jua kali ukimsikiliza ndege bila kulalamika. Masufuria mgawane. Na siku unapotaka mume akae nawe ukingoni mwa kitanda, usitafute ugonjwa. Mvute mkono, umwambie: kaa.

Bi Retno