Boneti ya Mkunga: Kumbukumbu za Kikao cha Dharura

CHAMA CHA WAPAKA RANGI NA WANG'ARISHAJI MAGARI
KIKAO CHA DHARURA NA. 7

Tarehe: Jumamosi, tarehe 9 ya mwezi wa tano.
Mahali: Banda la rangi, nyuma ya karakana. Ofisini kumejaa matairi ya mtu ambaye ameambiwa mara tatu ayatoe.
Muda: Kilipangwa saa 8:00 mchana. Kilianza saa 8:35 kwa sababu Mwenyekiti alikuwa akitafuta miwani yake. Hakuipata.

Waliohudhuria:
1. Mwenyekiti (mpaka rangi)
2. Katibu (fundi umeme wa magari, mwandishi wa kumbukumbu hizi)
3. Chuma (fundi bodi)
4. Mama Kitambaa (mng'arishaji, ni dada mkubwa wa mke wa Katibu, jambo ambalo halihusiani na kikao)
5. Mtunza Stoo

Asiyehudhuria:
Fundi Viti. Alituma udhuru wa jino. Saa saba alionekana getini akitafuna karanga.

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao akiwaomba wajumbe wazungumze kistaarabu. Chuma alisema ustaarabu utakuja baada ya ukweli. Mwenyekiti alimuuliza kama ni yeye anayefungua kikao. Kikao kikafunguliwa mara ya pili.

KUMB. NA. 2/7: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Mama Kitambaa alipinga sentensi isemayo "ilionekana vyema Mama Kitambaa asubiri kwanza kabla ya kupewa mashine ya kung'arishia". Aliuliza ilionekana na nani. Katibu alieleza kwamba kumbukumbu ndivyo zinavyoandikwa popote pale. Mama Kitambaa alisema, "Basi zinaandikwa kiwoga." Alitaka maneno yake hayo yaandikwe, na yameandikwa. Kumbukumbu zilithibitishwa kwa kura nne dhidi ya moja.

KUMB. NA. 3/7: KUUNGUA KWA BONETI YA MKUNGA

Mwenyekiti alieleza kwamba gari la bluu iliyokoza la Mkunga lililetwa Jumanne kuondolewa utando wa buibui, yaani ile mikwaruzo midogo ya mviringo inayojitokeza jua likipiga. Aliwakumbusha wajumbe kwamba rangi ile ilikuwa ya kiwandani, haijawahi kuguswa na bunduki ya rangi, na kwamba Mkunga ndiye aliyewapokea duniani watoto wa wajumbe wanne kati ya watano waliopo. Chuma alifanya hatua ya kwanza kwa dawa kali, ile inayokula mikwaruzo. Mama Kitambaa alipewa hatua ya mwisho, ya dawa laini, ile inayoondoa ukungu na kuacha mng'ao wa kioo. Ilikuwa siku yake ya nane kushika mashine, baada ya miaka tisa ya kufuta magari ya wenzake kwa kitambaa.

Matokeo: gari zima lilibaki na ukungu kama kioo cha bafuni, na kwenye mkunjo wa katikati wa boneti vanishi ya juu ilikwisha kabisa, urefu wa kiganja, hadi rangi ya chini ikaonekana.

Hapo Mkunga mwenyewe alitokea mlangoni. Hakuwa amealikwa. Alisimama, akawatazama wajumbe mmoja mmoja, akasema, "Nimewapa gari zima, mmenirudishia lenye kidonda." Mwenyekiti alimwomba aketi. Alisema ameketi vya kutosha kwenye benchi la getini tangu Alhamisi akisubiri mtu mmoja tu amwambie nani kafanya nini. Aliondoka. Wajumbe waliona haya, na Katibu naye aliona haya.

Mama Kitambaa alieleza kwamba alichukua chupa ya dawa ya mwisho, akaweka sponji laini, akapita kama alivyofundishwa. Ukungu haukuondoka. Akapita mara ya pili. Ukungu ukazidi. Akapita mara ya tatu. Alisema, "Mikono ni yangu, sikatai. Lakini dawa ile ilikuwa inakula, na dawa ya mwisho haili."

Chuma alisema hayo ni maneno ya mtu aliyekamatwa. Alisema mashine si kitambaa, na kwamba yeye alitabiri tangu mwanzo, tena mbele za watu. Mama Kitambaa alimwambia kama alitabiri basi angekuwepo kuzuia, badala ya kulala chini ya lori mguu mmoja nje. Sauti zilipanda. Mtunza Stoo alisogeza nyundo mbali na meza, bila kuombwa.

KUMB. NA. 4/7: AZIMIO

Chuma alitoa hoja kwamba mhusika aondolewe kwenye mashine. Katibu aliunga mkono, akaombwa aandike azimio kwa lugha nzuri. Liliandikwa hivi:

"Aliyesababisha kuungua kwa boneti ya Mkunga anyang'anywe mashine na arudishwe kwenye kitambaa kwa miezi mitatu, afute magari yote yatakayong'arishwa na chama."

Mama Kitambaa aliuliza kwa nini jina lake halikuandikwa. Katibu alijibu kwamba hakuna haja ya jina, kila mtu anajua. Mama Kitambaa alisema, "Shemeji, acha kulitazama daftari, nitazame mimi. Umekula kwangu Jumapili. Ungesema ulichonacho moyoni hukohuko mezani." Katibu aliomba mambo ya nyumbani yabaki nyumbani.

Chuma aliomba iongezwe kwamba azimio lisibadilishwe kwa sababu yoyote ile, "asije akalia hapa mkaanza kulegea". Iliongezwa. Kura: wanne walikubali, mmoja alikataa. Mama Kitambaa hakulia. Alisema kama ni siku yake ya mwisho kushika mashine, basi atasema neno lake kuhusu mashine, na hakuna wa kumfunga mdomo.

KUMB. NA. 5/7: KUCHAGUA MASHINE MPYA

Chuma alipendekeza mashine ya mzunguko kama iliyopo, ila kubwa zaidi. Mama Kitambaa alipendekeza ya mtikiso, ile inayozunguka huku ikitetemeka, kwa sababu haiweki joto lote mahali pamoja. Chuma alisema hiyo ni ya kusugulia nyayo saluni. Mwenyekiti alichoshwa. Aliagiza uletwe mlango mweusi wa gari bovu ulioegemea ukutani, na mashine ya mtikiso iazimwe kwa jirani.

Chuma aliweka mashine ya mzunguko juu ya mkunjo wa mlango bila kubandika utepe wa kukinga rangi, akisema mikono yake ina macho. Mtunza Stoo alihesabu sekunde. Alipofika kumi na moja harufu ilisikika, na alipofika kumi na nne rangi ya chini ilionekana. Chuma alisema mlango ni mbovu. Mama Kitambaa aliweka ya mtikiso kwenye mkunjo huohuo, pembeni kidogo. Mtunza Stoo alihesabu hadi sitini, akapiga miayo. Sehemu yake haikuwa na alama.

Iliamuliwa inunuliwe ya mtikiso. Kura nne. Chuma hakupiga kura. Alikuwa akitazama kiganja chake.

KUMB. NA. 6/7: KUCHAGUA DAWA

Mtunza Stoo aliweka mezani chupa mbili nyeupe, sura moja, kimo kimoja. Alieleza kwamba dawa huja kwenye madebe, humiminwa humo, kisha chupa hubandikwa vibandiko. Mwenyekiti alisema yeye mwenyewe ataonyesha hatua ya mwisho inavyofanywa, ili lawama ziishe. Alinyoosha mkono, akasogeza uso karibu na chupa, akachagua, akaweka sponji laini, akapita juu ya mlango taratibu, kwa ufundi wa miaka thelathini.

Mlango ulipata ukungu.

Alipita tena. Ukungu ukazidi. Mwenyekiti aliuliza, "Nani kaweka dawa kali humu?" Mtunza Stoo alisema hakuna aliyeweka dawa kali humo, humo ndimo mwake. Mama Kitambaa alicheka, na halikuwa cheko zuri. Aliichukua chupa akaigeuza, kila mmoja akasoma. Kibandiko kilisema: KUMALIZA. Cha chupa ya pili kilisema: KUMALIZIA.

Mtunza Stoo alieleza kwamba ya kwanza ni dawa ya kumaliza mikwaruzo, ndiyo kali. Ya pili ni dawa ya kumalizia kazi, ndiyo laini. Yeye huzijua kwa uzito mkononi, hasomi. Chuma alisema naye huzijua kwa harufu. Mama Kitambaa alisema, "Mimi sikufundishwa uzito wala harufu. Niliambiwa nichukue ya kumaliza. Nikasoma, nikachukua ya kumaliza. Herufi moja! Herufi moja ndiyo imenitia aibu mbele ya mwanamke aliyemkata kitovu mwanangu!" Alipiga meza. Chupa zilianguka zote mbili, na hakuna aliyeziinua.

KUMB. NA. 7/7: CHANZO CHA VIBANDIKO

Ilielezwa kwamba vibandiko viliandikwa kwa haraka na kwamba nafasi ya neno "mikwaruzo" haikutosha.

Mama Kitambaa aliuliza viliandikwa na nani. Katibu alisema vilibandikwa mwezi uliopita. Mama Kitambaa alisema hakuuliza lini. Mwenyekiti aliomba daftari la kumbukumbu, akaliweka kando ya chupa, akalisogeza hadi puani. Alisema K ile yenye mkia anaifahamu, ametia sahihi chini yake miaka sita.

Chuma alicheka hadi akashika kiti. Mwenyekiti alimwambia anyamaze, naye amechoma mlango leo. Katibu alisema kwamba makosa yalitokea. Mama Kitambaa alisimama, akazunguka meza, akasimama nyuma ya Katibu, akaweka kidole kwenye ukurasa huu.

"Hayakutokea. Si mvua hayo. Andika kama unavyozungumza nyumbani."

Katibu aliomba radhi. Mama Kitambaa alisema, "Pole yako sitaki, kaa nayo. Nataka iandikwe nani."

Mimi, Katibu, niliandika vibandiko vyote viwili kwa mkono wangu. Niliona kwamba maneno yanafanana, nikasema watajua wenyewe. Jumanne jioni nilipoona boneti niliikumbuka chupa, nikanyamaza. Leo nimeunga mkono hoja dhidi ya shemeji yangu nikijua.

Mtunza Stoo alisema, "Loo."

Niliomba azimio katika KUMB. NA. 4/7 lifutwe. Chuma, ambaye alikuwa ameacha kucheka, alisoma kwa sauti kwamba azimio halibadilishwi kwa sababu yoyote ile. Mwenyekiti aliniomba nilisome lote. Nilisoma. Linasema "aliyesababisha". Halina jina.

Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye la kusema. Azimio likabaki kama lilivyo, na mhusika ni mimi.

Iliamuliwa pia chupa ziandikwe upya KALI na LAINI, na ziandikwe na Mama Kitambaa. Ataanza na mashine mpya kwenye boneti ya Mkunga, Mwenyekiti akishapaka upya ule mkunjo. Kabla ya hapo, Katibu ataenda kwa Mkunga kwa miguu yake, amwambie nani kafanya nini.

KUMB. NA. 8/7: KUFUNGA KIKAO

Kikao kilifungwa saa 11:05 jioni. Mama Kitambaa alitoa kitambaa chake mfukoni, kile cha miaka tisa, akakiweka juu ya daftari. Ndicho kilichofuta mlango mweusi baada ya wajumbe kuondoka, na aliyefuta ni mimi.

Sahihi:

Mwenyekiti ........................ (ametia sahihi baada ya kusomewa)

Katibu ............................