Ng'ombe Wenye Magurudumu

Njombe,
Jumapili, baada ya misa

Kwako dada yangu Kwandu,

Mwangaluka, dada. Huenda ukaisoma hii jioni, lakini mimi naiandika asubuhi, basi pokea ya asubuhi. Hujambo? Watoto hawajambo? Mkono unaendeleaje? Nauliza mkono mapema kwa sababu nimeshaambiwa, usije ukanijibu kwamba nyote wazima na pamba imestawi. Mimi mwili hauna ugonjwa. Nakula ugali na viazi vya huku, baridi nimeizoea. Ila nina aibu, dada, aibu iliyonishinda hata kunyoa ndevu, maana nikitazama kioo nageuka.

Barua hii anakuletea Shija, mtoto wa mama mkubwa wa Ngulyati. Nimemwambia akupe mkononi siku ya mnada, asimpe mtu mwingine hata akiombwa kwa upole. Ukimaliza kusoma, itie jikoni.

Yeye ndiye aliyenikuta Jumatano. Alikuja huku kutafuta mbao. Nikuambie alinikuta wapi? Alinikuta juu ya boneti ya gari, nimesimama, nahutubia.

Unajua mita ya ile Landrova inahesabu maili, siyo kilometa, ni gari la zamani. Ina tarakimu tano tu. Zikijaa tisa zote, inarudi sifuri tupu kama gari limezaliwa leo. Jumatano zilijaa kwa mara ya tatu. Mara ya tatu, dada! Hapa stendi ya mizigo hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho. Madereva wenzangu waligoma kupakia viazi, wakanisindikiza kuzunguka soko wakipiga honi mpaka sifuri zikajipanga, na mmoja akakalia kiti cha pembeni azishuhudie kwa macho yake. Nilichinja mbuzi. Watu wakapiga kelele, "Msukuma! Msukuma!" Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nikapanda juu ya boneti nikasema, "Haya magari yenu ya Dubai yatazikwa yote, na hili langu ndilo litakalobeba jeneza!" Wakacheka mpaka wakashika matumbo.

Hapo ndipo Shija akatokea katikati ya watu na fungu lake la mbavu mkononi. Akauliza kwa sauti, "Ndugu, hili ndilo lile la ng'ombe wa Kwandu?"

"Ndilo lenyewe!" nikajibu kwa mbwembwe. Watu wakapiga makofi, nadhani walidhani ni jina la kampuni.

"Basi shuka hapo juu kwanza," akasema. Safari hii alisema Kisukuma, polepole, na nilipoona ameacha kutafuna nikashuka.

Tulisimama nyuma ya gari akanieleza. Kwamba ulifika Bariadi kwa baba ukitembea, umefunga mkono kwa kanga, huna mzigo. Kwamba baba alikupa maji, akakupa uji, akakuacha unywe. Kisha akakuuliza mbele ya majirani kama umeachwa au umeondoka mwenyewe, ukasema umeondoka mwenyewe. Naye akasema, "Mwanangu, mwanamke anarudi kwao ng'ombe wakirudi kwa wenyewe. Ng'ombe wako hawapo zizini humu. Wapo Njombe, wana magurudumu." Majirani wakacheka. Shija anasema hata wewe ulicheka kidogo, ukasimama, ukajifunga kanga vizuri, ukarudishwa kwa mumeo Mwandoya kwa baiskeli.

Dada, hicho kicheko chako kidogo kimenikaa kooni tangu Jumatano. Mbuzi wangu alibaki jikoni, wakamla wengine.

Simlaumu baba. Baba alisema kweli. Ulipoolewa, ng'ombe wale wa mahari wangekaa zizini wazae, na siku mambo yako yakiharibika wahesabiwe warudi, nawe uwe na mahali pa kurudi. Ndivyo ilivyo kwetu, kila mtu anajua. Lakini mradi wa visima ukaisha, wazungu wakauza magari yao kwa mnada pale Maswa, na baba akapagawa. Mama alimwambia, "Gari halizai ndama." Baba akasema nyakati zimebadilika. Akawaswaga ng'ombe wako, akarudi na Landrova, akanikabidhi mimi ufunguo. Nami nikaapa kwamba kabla ya misimu miwili nitakuwa nimerudisha ng'ombe mmoja mmoja mpaka zizi lijae.

Sikuapa kwa uongo. Ila ng'ombe wa kwanza aligeuka giaboksi. Aliyefuata akageuka tairi. Mwingine nilikuwa nimeshamtafutia hata kamba ya kumfungia, difu ikavunjika mlima wa Makete, akaenda na difu. Kila mwaka nilijiambia kwamba gari likipona hili, zamu inayofuata ni ya Kwandu. Na gari halikuacha kuumwa.

Lakini nililipenda, dada. Hilo nalo niliseme, nisijifanye mtumwa. Kila asubuhi kabla sijanawa uso nachomoa kijiti cha oili nakinusa. Oili ikinuka petroli najua kuna kitu kimechoka ndani. Jioni naliegesha mteremkoni kwa sababu betri haiiwezi baridi ya huku. Asubuhi naliachia litelemke, naingiza gia ya pili, linakohoa kidogo, linawaka. Lile blanketi alilonipa mama siku ya kuondoka nafunika boneti, mimi nalalia koti. Enzi zile spea hazipatikani hata kwa dawa, nilikata bushi za springi kwenye ngozi ya ng'ombe niliyotoka nayo nyumbani, nikazichemsha kwenye mafuta, na zilidumu kuliko za dukani. Siku hizi soko limefunguliwa, maduka yamejaa, lakini nusu ya vitu vyao vinavunjika hujamaliza kutoa karatasi. Mimi nasikia beringi inayotaka kulia kabla haijalia. Mafundi wa hapa wananiita nikae tu ndani ya gari la mtu nisikilize.

Unaona? Nimeanza tena kujisifu. Ndiyo ugonjwa wenyewe.

Unakumbuka nilivyopita Mwandoya safari ile nilipokuja na mbegu za viazi? Ulitoka kunipokea umejifunika mpaka kwenye viganja, na jua lile linavyochoma. Ukaniambia, "Usikae sana, mdogo wangu, safari ni ndefu." Shemeji alikuwa amekaa kivulini hakuinuka. Mimi nikakuomba samli kidogo nipake bawaba za mlango, kwa sababu zilikuwa zinalia njia nzima na zinanikera. Ukaniletea. Nikapaka, nikakuaga, nikaondoka.

Alhamisi niliamka nikaenda Makambako kuliuza. Kuna uwanja kando ya barabara, magari kutoka Dubai yamepangwa yanang'aa, mengine bado yana nailoni kwenye viti. Dalali mmoja kijana, miwani ya jua kichwani, akalizunguka gari letu kama anayekwepa tope.

"Mzee, hili ni la kupima kwa kilo," akasema.

"Injini ni nzima," nikamwambia. "Mita imerudi sifuri mara tatu."

"Ndiyo maana," akasema.

Nikamuuliza angalau kwa bei ya chuma chakavu, je, itatosha mtamba mmoja? Akauliza, "Mtamba wa nini?" Akamwita mwenzake aje anisikie. Wakaniangalia wote wawili kwa huruma, dada, na ningependa zaidi wangenitukana. Miaka ile magari hayapatikani ningeliuza siku moja kwa kundi zima na chenji juu, watu walikuwa wananifuata mpaka kanisani. Nikakataa. Nikasema siwezi kumuuza mtu wa nyumbani. Na wewe, mtu wa nyumbani, ulikuwa Mwandoya.

Nilirudi Njombe nikiendesha taratibu. Njiani niliona haya hata kupiga honi.

Basi jana Shija alinikuta nimelala chini ya gari nafungua giaboksi. Akadhani nimeshasahau, akaanza kunisema. Nikamwambia akae kwenye tofali anisikilize, na haya niliyomwambia ndiyo nakuandikia.

Shija mwenyewe ndiye aliyenieleza kwamba tangu serikali iruhusu watu binafsi kununua pamba, huko kwetu kumekuwa vurugu tupu. Wanunuzi wanakimbizana kila kijiji na mizani yao, pamba imelundikana majumbani, haina wa kuibeba. Yale magari madogo ya Dubai yakiingia mbuga ya Mwandoya yanazama kwenye udongo mweusi mpaka milangoni. Wanatafuta Landrova za zamani kwa tochi. Gari la kupima kwa kilo Makambako, Mwandoya linatafutwa!

Kwa hiyo nakuja nalo. Giaboksi nimeshairudisha, gasketi nimekata mpya, springi nimeongeza jani moja. Nitapita Iringa, Dodoma, Singida, Shinyanga, Maswa. Shija akitangulia kwa basi, mimi nitakuwa nyuma yake siku chache, maana nalo ni zee, halikimbizwi.

Nikifika sitaanzia kwa baba. Nitakuja moja kwa moja kwa mzee mkweo, nivue kofia, nikae chini, nimwombe awaite wazee wa mji wake. Nitawaambia hivi: ng'ombe wenu ni hawa hapa, wana magurudumu kama baba alivyosema. Msimu huu nitabeba pamba ya Mwandoya yote, na ujira wangu sitaki noti, nataka ng'ombe, na kila ng'ombe ataingia kwenye zizi lenu mbele ya macho yenu. Mpaka aingie wa mwisho, gari hili litalala zizini kwenu kila jioni na ufunguo utakuwa kwa mzee. Ila Kwandu anaondoka leo.

Wakiniuliza watajuaje kama gari litafika mwisho wa msimu, hapo ndipo nitawaambia habari ya mita. Hapo tu. Sitapanda juu ya boneti.

Huenda wakakataa. Sijawahi kusikia mtu aliyefunga Landrova zizini mahali pa ng'ombe, na wazee wa kwao wana maneno. Watanicheka. Wacha wacheke, wewe ulichekwa ukiwa na mkono umevimba, mimi nitachekwa nikiwa mzima. Wakikataa nitakaa pale pale nje ya boma nikibeba pamba ya watu mpaka wachoke kuniona, na shemeji atajua kwamba kila jioni kuna ndugu yako mlangoni. Lakini sitarudi Njombe nikuache humo. Hilo nimeliapa tena, dada, na najua kiapo changu cha kwanza ulikiona kilivyokwenda. Sikuombi uniamini. Nakuomba uwe umefunga nguo za watoto.

Kuna jambo moja limenijia nikiwa chini ya gari, likanifanya nitoe kichwa nikakigonga na bomba la moshi. Nilikuwa najaribu kukumbuka ni nani wa kwetu ambaye hajapanda gari hili. Baba alipanda siku ile ile, akazungushwa kijiji kizima akipunga mkono. Mama alipelekwa nalo hospitali. Wajomba, majirani, kwaya ya parokia, hata maksai wa katekista alipovunjika mguu tulimpakia. Wewe ulikuwa umeshakwenda Mwandoya, na nilipopita kwako hukupanda, uliniletea samli. Maili zote zile, dada, mara tatu mita imejaa, na hakuna hata moja uliyokaa ndani.

Mita sasa inasoma sifuri na vitu vidogo. Kiti cha mbele nimekishona upya kwa turubai safi na sifongo mpya. Jana mwenye duka la mbolea alitaka kukikalia kwenda Uwemba tu hapa, nikamwambia kina mwenyewe. Akauliza mwenyewe yuko wapi. Nikasema namfuata.

Msalimie mama mkwe wako aliyekukanda mkono na kumweleza Shija mambo haya bila kuogopa mwanawe, mwambie sitamsahau. Wasalimie wanao, mkubwa umwambie mjomba anakuja, asiwaambie wenzake. Ukipata mtu wa kwenda Bariadi, mpe salamu mama, umwambie lile blanketi lake bado lipo ila linanuka oili. Na baba msalimie pia. Mwambie ng'ombe wanarudi.

Mimi mdogo wako, niliyetembea nchi nzima kwa ng'ombe wako,

Mabula

Nimesahau: mlango wa kushoto kitasa chake ni kibovu, kina namna yake ya kukivuta. Usihangaike nacho. Nitashuka nikufungulie mwenyewe.