Ratiba ya Baharini, Jinsi Ilivyoandikwa

Alhamisi, tarehe 9. Manyunyu tangu alfajiri.

Baba watoto,

Nimewahi kazini. Maharage yako jikoni, yapashe. Mvua ikizidi, anueni nguo.

Leo asubuhi ulitusomea ratiba ya wiki yetu ya baharini: "Mama atapumzika, Mama ataogelea." Ulipoingia kuoga niliisoma mwenyewe, kidole juu ya kila neno, kama tunavyofundishwa darasani jioni. Mama yumo siku zote saba: Jumatatu apike, Jumanne afue, Jumatano apike tena. Kuogelea hakumo hata kwa dawa. Umenipangia kama mtu anayekula samaki na kumbakizia mwenzake miiba. Aliyeandikiwa kupumzika ni wewe, na umeandika "kupumuzika". Mwalimu wetu angekurudisha darasa la kwanza.

~~Nendeni bila mimi.~~ Nimesali, nitakuja. Dharau bado ninayo, Mungu anaishughulikia.

Sufuria nimezitoa kwenye mizigo, msizirudishe. Ulipomaliza kusoma uliapa mwenyewe, watoto wote watatu wakiwa mezani na dada yako mlangoni: "Haki ya Mungu, mama yenu hatashika sufuria wiki nzima." Nami niliitikia amina.

Mama watoto