Majani ya Ukingoni

Mlola,
14 Januari 2025

Kwa Asha,

Assalaam alaykum. Natumaini u mzima na kazi yako ya upishi kambini inakwenda. Mimi ni mzima kwa kiasi cha umri wangu, isipokuwa magoti yanayolalamika kila asubuhi, na masikio ambayo sasa yamekata tamaa kabisa. Ndiyo maana nakuandikia. Siku ya Idi jirani yetu Mosi alinishikia simu sikioni akasema ni wewe, mimi nikasikia kama mtu anakaanga karanga.

Barua hii na kikapu cha plamsi nampa Nassir, kondakta wa basi la Arusha, na yule dereva wa kambi yenu, Kristian, atavichukua stendi kama kawaida. Plamsi zikifika zimepondeka mlaumu Nassir.

Ninaandika kwa jambo moja. Nataka kuja huko kuliona kaburi la Twaha. Tangu mdogo wako alipoteleza mlimani mwaka jana akiwashusha wageni, na wewe ukamzika bila mimi, sijakuuliza kitu. Ulisema joto, ulisema barabara ilikatika, ulisema dini haitaki maiti icheleweshwe. Yote hayo nayajua, mimi si mtoto. Lakini baba hutupa udongo kaburini kwa mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, mafumba matatu, na mimi sikutupa. Jambo hilo halinipi usingizi.

Basi niambie nije lini, nikae siku ngapi na nivae nini. Nchi ya volkano siijui. Mbali kabisa nilikofika ni Tanga mjini, na hata huko nilirudi mapema kwa sababu ya mbu.

Ni mimi,
Mzee Rashidi

*

Ngaresero, Ziwa Natroni,
9 Februari 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Waalaykum salaam. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, na plamsi zilifika nzima, nilikula nyingine nikiwa bado nimesimama kwenye gari la Kristian. Pole kwa magoti na masikio.

Umesaini "Mzee Rashidi", kana kwamba unamwandikia afisa kilimo. Haya. Nami nakuita baba, maana sina uhakika kama bado naruhusiwa kukuita tate kama tulivyokuita mimi na Twaha. Lakini umesema unakuja! Nimeisoma barua yako mpaka imelegea.

Njoo Juni, masika yakiisha. Siku ya kwanza utashuka Arusha, Kristian atakuleta kwa kupitia Mto wa Mbu, utafika umejaa vumbi na utakuwa umenuna, kwa hiyo siku hiyo ni ya kupumzika tu. Utalala chumbani kwangu, mimi nitalala jikoni na wenzangu. Ukifungua mlango wa mbele unauona mlima wa moto wote, umechongoka, na kileleni mweupe utadhani umemwagiwa unga.

Siku ya pili tutaamka mapema twende ziwani kabla jua halijawa kali. Kuna ndege heroe wengi hadi ufukwe unakuwa wa waridi. Usije ukanawa uso kwa maji yale kama unavyofanya kwenye kila kijito cha Mlola, ni magadi matupu, yanachoma. Tukitoka hapo nitakuonyesha nyayo za watu wa kale. Walipita kwenye majivu ya volkano yakiwa mabichi, majivu yakakauka, na nyayo zipo mpaka leo, vidole na visigino. Mchana tutakwenda kwenye maporomoko. Njia ni ndani ya mto, unashikilia miamba. Hiyo ndiyo kazi Twaha aliyoipenda kuliko mlima. Wazee wa Kizungu alikuwa anawabeba mgongoni, nao wanacheka. Wewe atakubeba Kristian, usipokaidi.

Siku ya tatu ni kaburi. Nimeliweka mwisho kwa makusudi, baba. Naogopa tukianza nalo utaomba dua, utageuka, utapanda gari. Nami nataka nikae na wewe kidogo.

Vaa kofia pana, nguo nyepesi na viatu vyenye meno. Lile koti lako liache Mlola, huku litakuua.

Binti yako,
Asha

*

Mlola,
20 Machi 2025

Kwa Asha,

Waalaykum salaam, na marahaba. Ramadhani ni njema, baridi inatusaidia kutosikia kiu. Afya ni ile ile.

Nimenunua viatu gulioni Soni, vya mtumba, vina meno kama matairi ya trekta. Kila alasiri navivaa napanda mpaka msikitini na kushuka, ili magoti yazoee. Watu wamenitania mpaka wamechoka. Wanasema Rashidi anakwenda utalii. Imamu mwenyewe ameniuliza kama nitarudi na picha ya simba. Nimewajibu kwamba nakwenda kuona ndege wa waridi na nyayo za watu waliokosa pa kwenda.

Safari yako nimeikubali, hata maporomoko. Mgongoni kwa Kristian sipandi.

Sasa nina swali. Mwaka jana uliniandikia kwamba kaburi lipo juu ya korongo, kwa sababu ndipo penye udongo wa kuchimbika. Ni mbali kiasi gani na ukingo? Nilikuambia tangu wakati ule upande majani ukingoni, ukanijibu kwamba huko hayaoti. Asha, wewe umekulia kwenye mteremko. Unajua shamba lisilo na majani ya gwatemala kwenye matuta linahamia kwa jirani mvua ikinyesha usiku mmoja. Majani hayo hayachagui nchi yakipewa maji ya kuanzia. Nitakuja na mzigo wa vipande vyake, nimevifunga kwenye gunia bichi, na nitavipanda mimi mwenyewe kuzunguka ukingo, ili kijana wetu akae pale alipo.

Nitaondoka wiki ya kwanza ya Juni. Sitaki uniandalie kitu, chai inatosha.

Baba Twaha

*

Ngaresero,
18 Mei 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko, na mazao je? Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Mimi ni mzima, mafua kidogo tu.

Masika ya mwaka huu yalikuwa makubwa, barabara imeharibika sana na gari letu limekwama mara nyingi. Wageni nao wamejaa, sijui kama nitapewa ruhusa Juni. Naona safari tuisogeze mbele kidogo.

Au nina wazo zuri zaidi. Kwa nini uteseke mpaka huku? Tukutane Arusha. Hapo karibu lipo ziwa Duluti, nalo ni la volkano, tena maji yake ni matamu na limezungukwa na miti mirefu kama ya msitu wa Magamba. Kuna njia ya miguu ya kulizunguka, tambarare, magoti yako yatashukuru. Tutapanda mtumbwi. Tutakula samaki. Siku mbili tu, kisha urudi Mlola bila uchovu. Viatu vyako vipya vitafaa vile vile, na ndege wapo, ingawa si heroe.

Fikiria, baba. Nitafurahi sana.

Binti yako,
Asha

*

Mlola,
1 Juni 2025

Asha,

Barua yako nimeisoma. Ina barabara, ina wageni, ina samaki na mtumbwi. Mwanangu hayumo.

Mimi sikuomba ziwa. Kama hutaki nije, sema hutaki, nitajua pa kuweka maneno yako. Kama kuna kingine, kiandike. Usinizungushe ziwa zima kama mtoto anayefichwa kwamba anapelekwa kuchomwa sindano.

Kaburi lipo au halipo?

Rashidi

*

Ngaresero,
15 Juni 2025

Baba,

Shikamoo.

Halipo.

Ilikuwa katikati ya Aprili, wakati wa alasiri. Huku kwetu hata tone halikudondoka, nilikuwa nje naanika shuka za wageni. Mvua ilinyesha juu huko kwenye miinuko, maji yakaja korongoni yamesimama kama ukuta, yamebeba miti na mbuzi. Tuliyasikia kabla ya kuyaona. Yalipopungua, ukingo ulikuwa umeanguka, kipande cha ardhi chenye ukubwa wa nyumba, na kaburi lilikuwa kwenye kipande hicho.

Tulitafuta, baba. Mimi na Kristian na wachungaji waliotuonea huruma, tulifuata korongo mpaka linapomwaga ziwani. Huko ni tope jeupe linalozama, mtu hawezi kwenda mbele. Niliokota jiwe moja kati ya yale niliyoyapaka chokaa nikalizungushia kaburi. Nimeliweka mlangoni. Yeye hatukumpata.

Zile nyayo za watu wa kale zipo pale pale. Nilikwenda kuziangalia kesho yake na nikazichukia. Watu ambao hakuna anayejua majina yao, nyayo zao zimekaa, na kaburi la ndugu yangu halikumaliza mwaka wa pili.

Ulinionya kuhusu majani. Niliandika kwamba hayaoti bila hata kujaribu, kwa sababu nilikuwa nimekasirika nawe, ulikuwa umeniambia nimekuzikia mtoto kama mwizi. Wewe ulipoandika Machi kwamba unakuja nayo, niliamua tungeyapanda pamoja. Kisha ukaja Aprili.

Nilijua ukisikia utasema nimempoteza mara mbili. Mara ya kwanza nilipomwita huku aje afanye kazi, na mara ya pili hii. Watu wote wa Mlola walikuwa wanakuita Baba Asha mpaka Twaha alipokufa. Uliposaini Baba Twaha nililia, si kwa wivu, nililia kwa sababu niliona una haki.

Sina kaburi la kukuonyesha. Sasa nikifungua mlango wa nyuma wa chumba changu, pale palipokuwa na kiwanja cha kuanikia shuka, naona korongo. Ndiyo maana nilikutajia ziwa jingine. Nilitaka tu uje mahali ambapo ningeweza kukutazama usoni.

Kama hutajibu, nitaelewa.

Asha

*

Mlola,
6 Julai 2025

Asha mwanangu,

Waalaykum salaam, na marahaba. Umeandika shikamoo tu safari hii, bila salaam, lakini naziitikia zote mbili.

Barua yako ilinikuta stendi ya Lushoto. Nilikuwa nimechoka kusubiri jibu, nikafunga majani yangu kwenye gunia, nikavaa viatu, nikasema nitakwenda hivyo hivyo, kama hanitaki atanifukuza mlangoni. Ndipo Nassir akanikabidhi bahasha nikiwa nimeshakaa kitini. Niliisoma kwenye kona za kushuka Soni. Nilimwomba dereva asimame, nikashuka na gunia langu.

Niliketi juu ya gunia pale gulioni, kando ya matenga ya nyanya, sijui kwa muda gani. Nililia, na watu waliniona, sikujali. Baadaye akaja mtu mmoja, akapiga gunia kwa fimbo, akaniuliza kwa ishara nauza bei gani majani hayo ya ng'ombe. Nikamjibu hayauzwi, nampelekea mwanangu. Mwanangu aliyekuwa anangojea majani ni yupi? Twaha hayahitaji tena. Nikaitoa barua yako mfukoni nikairudia, na safari hii nikaona pale ulipoandika, kwa kupita tu, kwamba ukifungua mlango wa nyuma unaona korongo.

Mwaka wote huu na nusu nimekuwa nikijiuliza ukingo upo mbali kiasi gani na kaburi. Sikuwahi kuuliza upo mbali kiasi gani na kitanda chako.

Nilishuka mtoni hapo Soni. Nikachukua udongo wa ukingoni, nikautupa majini, mafumba matatu, nikasoma kinachosomwa. Najua maji yale hayaendi kwenu. Nilikuwa sina pengine pa kuutupa.

Kuja sitakuja, angalau si sasa. Usidhani ni hasira. Ziwa lile ndilo kaburi lake, na sina moyo wa kusimama mbele yake nionyeshwe ndege. Viatu nimevisafisha nimeviweka uvunguni. Hukumpoteza mara mbili, Asha. Yale niliyokuambia siku ya msiba niliyasema kwa kuwa sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia, na Mungu hana masikio mabovu kama yangu, aliyasikia yote. Naomba unisamehe.

Gunia anakuletea Kristian. Vipande nimevikata upya, vile vya kwanza vilikauka. Panda nyuma ya chumba chako, mstari mmoja karibu na ukingo na mwingine nyuma yake, umevilaza, vifundo viwili viwe ndani ya udongo. Usipande siku hiyo hiyo bila kulowesha ardhi. Ukiona vimekunjamana usivikatie tamaa, vinajifanya vimekufa.

Na waombe hao waajiri wako wakuhamishe chumba kabla ya vuli. Wakikataa, rudi nyumbani. Chumba chenu bado kina vitanda viwili, sikukigusa.

Mwagilia jioni, si mchana.

Tate