Fundo la Kimeu

S.L.P. 12,
Masinga.
14 Agosti 1999

Kwako Mwaitu, mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mkaza mwanao, Mukai. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Kathiani, na kwamba lile goti limekupa nafuu kidogo. Mimi ni mzima wa mwili. Huku ni jua tu, na maji ya bwawa yanazidi kurudi nyuma.

Mahindi na maharagwe uliyompa Kitheka aniletee yalifika, hata maparachichi hayakupondeka. Aliniambia kwamba unapiga magoti kila Jumapili kuniombea samaki warudi, na kwamba unataka nihamie kwako, maana tangu mwanao Kimeu afariki mwaka jana sina cha kunikalisha huku. Niliona haya sana, Mwaitu.

Unajua Kimeu alivyokuwa akivua. Mshipi mnene mkononi ili usimkate vidole, mwembamba mwishoni ili samaki asiuone, na fundo la kuiunganisha. Alinifundisha nikawa mgumu kuelewa. Mwembamba ndio huzungushwa mara nyingi, mnene mara chache, kisha unalilowesha fundo kwa mate na kulivuta polepole. Mimi nililivuta kavu, likakatika, naye akacheka mpaka akakaa chini. Basi nikamwachia kazi hiyo.

Alipofariki nilibaki na mshipi wake. Ndoana ikinasa kwenye visiki, nilikata mwembamba kidogo nikafunga ndoana upya, maana hilo naliweza. Hivyo ukapungua kutoka pima mbili hadi shibiri moja, na mwezi uliopita ndoana ilikuwa karibu kugusana na fundo. Erastus, anayevua karibu nami, alinitania kwamba navua kwa kamba ya kufungia ng'ombe, akajitolea kuniunganishia mshipi mpya. Nilimfokea vibaya. Tangu siku hiyo hata yeye akaacha kunisemesha.

Mwaitu, nilikudanganya. Samaki hawajaenda popote, wenzangu wanajaza ndoo. Ni mimi niliyekataa kulikata lile fundo, kwa sababu Kimeu alilifunga kwa mikono yake na mate yake yamo ndani. Nilikuwa nalishika na kulizungumzisha, nyumba ni kimya mno. Nisamehe. Wewe umeliumiza goti bure, na kilichohitajika kilikuwa wembe.

Jumanne nililikata, nikaunganisha mwembamba mpya. Fundo langu lilikatika mara tano. La sita nililowesha, nikavuta polepole kama alivyosema, likashika. Nilipata ngege wanne, mmoja nikampelekea Erastus na kumwomba radhi. Kuhamia sitahamia, usikasirike, lakini Krismasi nitakuja tukae pamoja.

Nisalimie Kasiva, na umshukuru kwa kukusomea barua hii.

Ndani ya bahasha utakuta kipande cha mshipi chenye lile fundo la Kimeu, mnene upande huu, mwembamba upande ule. Nakuletea wewe uliyemzaa, kwani likibaki hapa nitashinda nalo. Watoto wasilifungue. Na ukilishika, Mwaitu, ujue sikuliosha.

Wako akupendaye,
Mukai