Presha ya Uongo Kwenye Meli

Mpendwa Bi. Gathoni, nakuomba unisaidie kufikiri, maana mimi mwenyewe nimefikiri mpaka nimechoka, na mke wangu nikimweleza ananiambia hayo ni mambo ya stima na yeye ni mwalimu wa chekechea. Mimi ni fundi wa umeme wa mashine, nyumbani ni Naitiri, Bungoma, lakini kazi nafanyia Kitale, na kwa muda mrefu mimi na rafiki yangu Makokha tumekuwa tukitengeneza mashine za kukausha mahindi, zile draya kubwa. Mwaka huu Makokha akapata kazi ya mbali kidogo, meli ya mizigo na abiria kule Kisumu, mwenye meli alitaka kutoa mitambo ya zamani ya kupima hali ya injini na kuweka mipya, kwa sababu ile ya zamani vipuri vyake havipatikani tena popote. Makokha akaniita kwa kuwa wakati huo sikuwa na kazi, na mimi nikaenda.

Kazi yenyewe si ngumu ukishaielewa. Kwenye injini kuna vidude vya kupima, sisi tunaviita sensa, kimoja kinapima joto, kingine presha ya oili, na vyote vinatuma habari kwa waya mpaka kwenye paneli huko juu, presha ikishuka kengele inalia na fundi anazima injini kabla haijaharibika. Paneli ya zamani ilikuwa imechoka, kengele inalia ovyo bila sababu mpaka mabaharia wakaiziba kwa kitambaa, kwa hiyo fundi wa meli, mzee anayeitwa Mbogo, alikuwa anashuka chini kila saa kuangalia injini kwa macho yake. Tuliitoa yote tukaweka skrini mpya, inapendeza, kijani mambo yakiwa sawa na nyekundu yakiharibika, na sensa mpya tulizifunga zote isipokuwa moja, ya presha ya oili ya injini ya kushoto, hiyo ilivunjika Makokha akiikaza na nyingine lazima iagizwe ng'ambo.

Sasa kuna kitu sisi mafundi wa draya tunafanya. Sensa ya joto ikifa katikati ya msimu, na mvua inakuja na wakulima wamepanga foleni na mahindi mabichi, hatuzimi mashine, tunachukua kidude kidogo kutoka kwa mafundi wa redio tunakiweka mahali pa sensa, mashine inaamini joto liko sawa na inaendelea, na mtu mmoja anasimama hapo akiangalia mahindi. Tunaita kuituliza mashine. Makokha akaituliza meli. Skrini inaonyesha presha ya injini ya kushoto iko sawa, na itaendelea kuonyesha hivyo hata kama ndani hakuna tone la oili.

Nilimwambia tumweleze Mbogo, akasema sensa ikifika atarudi aiweke kimyakimya, na tukisema sasa mwenye meli hatatupatia meli yake ya pili. Niliposisitiza akaniangalia akasema, "Bana, wewe ni omukoki wangu. Utanichomea aje kwa watu wa ziwa?" Bi. Gathoni, labda wewe hujui uzito wa neno hilo, omukoki ni yule mliyetahiriwa naye msimu mmoja, mimi na Makokha tulipakwa matope kwenye mto mmoja asubuhi moja, mtoto wake wa kwanza ana jina langu, na kumshtaki mtu kama huyo kwa watu wa nje ni aibu ambayo sijui ningeibeba wapi. Nikanyamaza. Tulipokuwa tunafunga vyombo vyetu Mbogo alikuja kutushukuru, akasema, "Sasa naeza kukaa huku juu ninywe chai kama watu. Hizo ngazi zimenimaliza magoti." Nilicheka naye. Meli inaanza safari Jumamosi, nasikia tiketi zinaisha, na mimi niko Kitale nimerudia draya. Je, nimvunjie omukoki wangu heshima ama ninyamaze nitegemee sensa ifike mapema?

Fundi W., Kitale

*

Fundi W.,

Majina yenu nimeyabadilisha, kwa hiyo wanaume wa Bungoma wasianze kuangaliana vibaya kanisani. Na neno lako nalijua. Mimi ni mtoto wa Wakikuyu wa Trans-Nzoia, nimekula kwenye sherehe za tohara za majirani mpaka sasa wananiita shemeji.

Pole. Kuvutwa huku na rafiki na kule na dhamiri si jambo dogo, na naona wazi unampenda huyo Makokha. Pole imeisha.

Umeandika barua ndefu kana kwamba wanaohusika ni watu wawili. Kwenye draya mnamwacha mtu asimame aangalie, umesema mwenyewe. Kwenye meli mmemwambia aliyekuwa akiangalia akae chini. Paneli ya zamani ilikuwa inadanganya na kila mtu alijua, ndiyo maana mzee wa watu alikuwa anajikokota ngazini kila saa. Yenu inadanganya na anaiamini. Mahindi yakiungua mkulima atawatukana, basi. Injini ikikwama katikati ya ziwa na upepo umechafuka, wewe utakuwa Kitale. Nimekasirika kwamba ulicheka naye, nakwambia ukweli.

Na usinifundishe rika. Nimewaona bakoki, watu waliotahiriwa pamoja kama nyinyi, wakitukanana sokoni Tongaren matusi ambayo mtu mwingine angepigwa ngumi kwayo, kisha wanaagana wakicheka. Ruhusa hiyo unayo. Ungeitumia siku ile ile, chini kule kwenye injini, mpaka Makokha akitoe kile kidude kwa mkono wake.

Kuna jambo utanichukia kwalo. Barua yako ilinifikia Jumatano, na gazeti hili linatoka Jumamosi, siku ya meli yenyewe. Sikungoja. Meli inayoanza safari Jumamosi pale Kisumu ni moja tu, nikatafuta namba ya ofisi ya mwenyewe, nikaomba kuongea na Mbogo, nikamwambia presha ya injini ya kushoto asiiamini, ashuke akaangalie. Akasema, "Sawa, mama." Jioni alinipigia. Amekiona kile kidude. Meli imebaki gatini, na haitoki mpaka sensa ya kweli ifungwe.

Kwa hiyo ukisoma haya, acha draya. Nenda kwa Makokha leo, nyumbani kwake, usimtumie ujumbe. Mwambie ni wewe uliyeandika, kabla hajaambiwa na mwingine. Atakasirika, mwache akasirike. Kisha mwende Kisumu nyote wawili, mkague kila waya mliogusa, mbele ya mwenye meli, na mkubali lolote atakaloamua juu ya ile meli ya pili.

Mbogo aliniuliza nimejuaje. Nikamjibu kwamba aliyeniambia atampigia mwenyewe. Nilisema hivyo bila kukuuliza, na mzee anangoja simu yako.