Kinu Chini ya Dirisha Lako

Baba Magesa,

Habari za hapa ni kwamba mama yako mzima, Magesa mzima, na mimi nina hasira. Nimeanza na hilo usije ukasoma mpaka katikati ukidhani ni barua ya mahaba.

Unaikumbuka Magomeni? Chumba kimoja, redio ya jirani inaguruma ukutani, watoto wa nyumba nzima wanagombania bomba uani. Wewe umeshika kichwa. "Mama Magesa, hapa siandiki kitu. Twende kwetu, kuna utulivu." Mimi mtoto wa mjini, jembe nililizoea kuliona dukani tu, nikauza cherehani yangu, tukapanda treni mpaka Mwanza, na meli mpaka Musoma. Melini ulinishika mkono ukasema kitabu utakachoandika kitakuwa chetu. Chetu! Na mimi nikaamini.

Tulipofika huku kwenu Bunda ukajifungia ndani. Filimbi ya shamba la kijiji ikilia asubuhi, watu wanatoka na majembe, wewe unafunga dirisha. Mwenyekiti akauliza mkutanoni, "Huyu mwandishi analimaga lini?" Watu wakaanza kunong'ona kwamba kijiji cha ujamaa nacho kimepata kupe wake. Nani alisimama? Nilisimama mimi, nikasema sehemu yako ya pamba nitailima pamoja na yangu. Udongo wa mbugani ukinyeshewa unanata kwenye jembe kama ugali wa udaga, ule wa muhogo. Mikono yangu ya kushonea ikachubuka, nikawa naificha usije ukahangaika ukapoteza wazo.

Halafu kinu. Ulisema mlio wa mchi unakukata maneno. Nikakibeba mpaka kwa mama yako, ng'ambo ya korongo, na kila jioni nikarudi na unga kichwani, na furu wakavu, vile visamaki unavyovipenda, mama yako amekufungia. Akaniambia, "Mwanangu, nyumba isiyolia kinu, sisi tunajuaga ina msiba." Siku ile nilicheka. Nyimbo za kutwangia alizonifundisha niliziimba huko huko. Nikikaribia nyumbani nanyamaza. Huo ndio utulivu wako, bwana. Niliutengeneza kwa mikono yangu.

Ukaenda Dar kupeleka kitabu. Ulisema utarudi kabla ya palizi. Pamba imevunwa, ikapandwa tena.

Juzi balozi wetu wa nyumba kumi alikuja mbio: "Njooni, mtu wenu yuko redioni!" Tukajaa uani kwake, mama yako amejifunga kanga mpya. Mtangazaji akakuuliza uliwezaje kuandika kijijini. Nikaisikia sauti yako, nzuri ileile: "Niliishi peke yangu. Mimi, kalamu yangu, na utulivu." Watu wote wakageuka kunitazama. Balozi akajifanya anatafuta kitu chini. Mama yako ndiye aliyefungua kinywa:

"Yaani mimi nilikuwaga namlisha nani?"

Wakacheka. Na mimi nikacheka, kisha nikaenda nyuma ya zizi nikalia. Si jembe linaloniuma, Baba Magesa. Ningelima tena. Ungesema tu "na mke wangu". Mtu anayeishi kwa maneno, hayo nayo yalikushinda?

Sasa umemtuma kondakta wa basi la Musoma aniambie unarudi kuandika kitabu cha pili, nikuandalie chumba. Mh! Chumba nimejaza pamba. Kinu nimekirudisha, kipo chini ya dirisha lako, natwanga huku naimba mpaka majirani wananiitikia. Ukija, njoo, ni kwenu, siwezi kukufukuza kwa mama yako. Lakini utulivu usiuulizie. Haukuwa wa kijiji. Ulikuwa wangu, na nimeacha kuutengeneza.

Jembe lako lipo mlangoni. Filimbi inalia asubuhi, kama zamani.

Ni mimi, uliyeishi naye peke yako,
Mama Magesa